UZI: Kidato cha Sita, mashaka ya dini na fomu ya chuo. Wajuzi wa Dodoma karibuni

Kijana wa Ntyuka (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo.

Matokeo ya Kidato cha Sita tayari. HGL: Historia B, Jiografia C, Kiingereza C. Nataka digrii ya ualimu, masomo ya sanaa. Mzee ni mtu wa kanisa na anataka niende St John's, chuo kikuu cha Anglikana, pale palipokuwa sekondari ya Mazengo. Mimi nawaza UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kinachonisukuma, nisifiche, ni kwamba suala la Mungu na dini limenishinda kulijibu. Sijakataa, sijakubali.

Kwa hiyo maswali mawili. Mtu mwenye mashaka anapimaje imani bila kuburuzwa na upande wowote? Na chuo achague kwa vigezo gani, maombi yana mitego gani? Naomba hoja. Mahubiri na kejeli vina nyuzi zake.


Karani wa Dirishani

Marahaba. Naanza na swali la pili kwa sababu lina tarehe ya mwisho. La kwanza halina.

Sifa unazo. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa aliyetoka Kidato cha Sita ni prinsipo mbili (masomo uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Wewe kwa masomo mawili tu una 7. Hicho ni kiwango cha chini, kozi yenyewe inaweza kudai zaidi, hivyo fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu na usome mstari wa kozi na chuo unachoomba. Usitumie ule wa mwaka jana uliotumiwa na rafiki.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi hayapiti tena kwenye mfumo mmoja wa TCU. Unaomba kwenye mfumo wa kila chuo, na TCU kazi yake ni kuhakiki sifa na kuzuia mtu mmoja kushika nafasi mbili. Maana yake huna haja ya kugombana na mzee mwezi Julai. Omba UDOM, omba St John's, ongeza cha tatu. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unathibitisha hapo. Usipothibitisha ndani ya muda, nafasi inaondoka na unabaki kugombea mabaki ya awamu inayofuata.

Sasa mtego. Dogo yuko JKT, Makutupora au kwingineko, simu si ya kutegemea. Nyumbani wanakwenda steshenari. Kijana wa steshenari ana foleni, akifika penye namba ya simu na barua pepe anaweka za kwake ili amalize haraka. Wiki kadhaa baadaye namba ya siri inaingia kwenye simu yake. Keshaufuta ujumbe, au laini keshaitupa. Au namba iliyowekwa ni ya baba. Aliyeshika laini ndiye aliyeshika chuo, maana akithibitisha anachokitaka yeye, wewe utakuta shughuli imekwisha. Weka laini iliyosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, barua pepe yako, na nywila iandike kwenye daftari. Ikitokea umethibitishwa usikokutaka na dirisha bado liko wazi, inawezekana kuutengua uthibitisho kwenye akaunti ileile na kuthibitisha kwingine. Likifungwa, ni barua na kupanda ngazi za ofisi.

Bodi ya Mikopo haibagui chuo cha umma na cha dini. Anayekwenda chuo binafsi anaomba kwa mfumo uleule. Tofauti inakuja kwenye ada: ya chuo binafsi kwa kawaida ni kubwa kuliko ya chuo cha umma kwa kozi hiyohiyo, na kiasi unachopangiwa kinategemea uhitaji wako. Pengo analijaza mzazi. Chukua ada ya mwaka kwenye waraka wa chuo, toa kiasi cha ada ulichopangiwa, gawa kwa mihula miwili. Hicho ndicho utakachokuwa unakiomba nyumbani mara mbili kwa mwaka, na anayeombwa ana haki ya kuuliza kama ulikwenda ibadani.

Fomu ya mkopo inataka sahihi yako, ya mdhamini na picha yake na nakala ya kitambulisho, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo. Kuna vijana hutangaza mezani kwamba dini wameacha, wiki hiyohiyo wanamfuata baba awadhamini. Huo ni mpangilio mbovu wa ratiba. Mdhamini anaweza kuwa mjomba au shangazi, lakini zungumza naye mapema, maana kitambulisho cha mtu hakiombwi usiku wa mwisho.

La mwisho ni jina. Wengi kanda hii wana jina la cheti cha kuzaliwa na jina la ubatizo au la kusilimu lililokuja baadaye. RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wanahakiki cheti cha kuzaliwa, Bodi na chuo wanalinganisha na cheti cha Kidato cha Nne. Kijana akianza mashaka, kitu cha kwanza anachotupa ni jina la ubatizo: cheti kinasema Yohana, yeye anajaza Mazengo. Mfumo unaona watu wawili na maombi yanakwama. Kama umedhamiria kubadili, ipo hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanya ukishakaa chuoni.


Mtumba Leo

Karani kamaliza. Mimi nachukua la kwanza.

Dogo, kabla ya kupima chochote chambua, maana mtaani maswali haya yanapikwa pamoja kama makande. Kuna swali kama yupo Muumba. Kuna swali kama kitabu fulani na mafundisho fulani yanatoka kwake. Na kuna swali kama wanaoyahubiri wanayaishi. Kijana anamwona mchungaji na gari la mamilioni, au anamsikia ustadhi akitukana watu kwenye kipaza sauti, anahitimisha hakuna Mungu. Amejibu swali la tatu, akaandika jibu kwenye nafasi ya la kwanza. Waumini nao hufanya hivyohivyo kwa kinyume: hospitali ya Mvumi imetibu watu, shule ya wasioona ya Buigiri imesomesha watu, basi Utatu ni kweli. Hospitali ni njema. Haithibitishi Utatu.

Halafu jifunze kusikiliza ushuhuda. Mfano mkubwa kuliko yote nchini ni Loliondo, 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, kijiji cha Samunge, kikombe kimoja shilingi 500, dawa ya mizizi ya mugariga. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita, na shuhuda zilikuwa nyingi mno. Kuzieleza hakuhitaji kumwita mtu yeyote mwongo. Pumu na vidonda vya tumbo hupanda na kushuka. Mtu hufunga safari siku amezidiwa, hivyo kinachofuata mara nyingi ni kushuka, kwa kikombe au bila kikombe. Aliyepata nafuu anarudi kusimulia, aliyekufa harudi. Mwenye VVU aliyeacha dawa alijisikia mzima kwa muda, kwa sababu virusi huchukua wiki kadhaa kupanda tena kwenye damu na mwili huchukua muda mrefu zaidi kuonyesha. Na kabla ya kwenda Samunge na baada ya kurudi, nani alipima, kwa kipimo kilekile?

Kwa hiyo ukisikia ushuhuda, wa mkutano wa injili au wa mganga, uliza ugonjwa ulithibitishwa na kipimo gani na lini, dawa gani zilikuwa zinatumika wakati huohuo, kipimo kilirudiwa lini, na wangapi waliombewa siku ileile wakabaki walivyo. Swali la mwisho ndilo hukosa wa kulijibu.

Mfano wa nyumbani ni mvua. Dodoma ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, takriban milimita 570 kwa mwaka. Maombi ya mvua huitishwa Novemba na Desemba. Hakuna anayeyaitisha Julai. Matambiko ya Kigogo nayo yalifuata kalenda ileile. Ukitaka kujua kama maombi yanaleta mvua, lazima uhesabu pia miaka iliyoombwa ikakauka.


Katekista wa Kata

Mkuu Mtumba, kwenye ushuhuda umepiga palepale. Kwenye mvua umepotea njia. Sala siyo swichi. Anayeomba mvua anakiri kwamba mvua si yake, hafanyi jaribio. "Usimjaribu Bwana Mungu wako", Luka 4:12. Ukiipima sala kwa rula ya milimita umepima kitu kingine.

Kijana, nikusaidie hata dhidi yangu. Hoja nzito dhidi yetu haiko kwenye kikombe cha Loliondo. Iko kwenye Mtunya, waulize wazee wa Kigogo. Njaa ya 1917 hadi 1920: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakataa. Wanahistoria wanakadiria waliokufa ni kama 30,000 katika watu 150,000. Sasa sisi tuna jibu la hiari: Mungu alimpa mwanadamu uhuru, mwanadamu akautumia vibaya. Jibu hilo linaeleza majeshi. Halielezi mvua. Yeyote atakayekujibu haraka hapo, wa upande wangu au mwingine, mtilie shaka. Kitabu cha Ayubu chenyewe, sura ya 38 na kuendelea, Mungu anajibu kwa maswali matupu.

Soma Injili ya Marko yote, sura 16, inaisha jioni moja. Usisome mistari ya kuokoteza uliyotumiwa kwenye simu. Na 9:24 utamkuta baba mwenye mtoto mgonjwa anasema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Hakufukuzwa.


Mtumba Leo

Katekista, kwa heshima zote: kama mvua isiponyesha haihesabiki dhidi ya sala, basi ikinyesha msiitangaze kuwa ni ushahidi. Chagueni moja.


Katekista wa Kata

Hilo nalikubali. Na wapo wahubiri ningependa walisome.


Bint Kondoa

Asalaam aleikum kwa wanaoipokea, na habari zenu wengine.

Mdogo wangu, unasema kana kwamba mashaka ni kitu kinachokutoa nje ya dini. Katika Uislamu aliyezama kabisa kwenye mashaka ni mwanazuoni al-Ghazali. Alianza na macho: kivuli kinaonekana kimesimama, ukirudi baada ya saa moja kimehama, nyota inaonekana kama dinari, hesabu inasema ni kubwa kuliko dunia. Basi macho yanadanganya na akili ndiyo iliyoyaumbua. Akauliza: na akili, nani ataiumbua? Alikaa karibu miezi miwili katika hali hiyo. Baadaye, mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, ulimi ukagoma kufundisha, akaacha cheo na kuondoka. Na alipowashambulia wanafalsafa, Ibn Rushd aliwatetea hoja kwa hoja. Mada yako ina karibu miaka elfu ndani ya msikiti. Na kabla ya hapo, Qurani 2:260, Ibrahim anaomba aonyeshwe wafu wanavyofufuliwa. Anaulizwa, kwani huamini? Anajibu anaamini, lakini moyo utulie.

Ila kuna hoja moja nakuomba uikwepe, hata kama itakuja kukurudisha kwetu. Ni ile ya kamari, ya Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki 1662: ukiamini na Mungu yupo unapata pasipo kikomo, ukiamini na hayupo hupotezi kitu, basi amini. Ichore kwenye karatasi. Pascal aliweka safu mbili tu, Mungu wake yupo au hayupo. Dodoma safu hazitoshi mbili. Kuna kanisa kuu la Anglikana lenye kuba, kuna Msikiti wa Gaddafi, kuna Mulungu aliyeombwa na Wagogo kabla ya wote. Kila safu inaahidi faida isiyo na mwisho, na baadhi zinaahidi adhabu kwa aliyechagua safu nyingine. Hesabu ikishakuwa na pasipo kikomo kila upande, haichagui tena. Kinachobaki ni kuuliza ipi ni kweli, yaani pale ulipoanzia. Mbali na hilo, imani iliyoshikwa kwa hofu ya kukosa bahati nasibu sidhani kama inampendeza yeyote.

Kwenye mkopo kuna suala la dini kweli, na watu hulikimbilia. Waislamu wengi walikuwa wanasita kuuchukua kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanana na riba. Iliondolewa 2021. Unachorejesha ukiajiriwa kinakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa mwezi.

Fii amanillah.


Madesa

Bint Kondoa umenikumbusha pesa. Boom, pesa ya mkopo ya kujikimu, ni shilingi 10,000 kwa siku, na huingia kwa mafungu ya takriban siku 60, yaani laki sita kwa mkupuo. Siku hiyo vikundi vyote hukumbuka kwamba upo. Fungu la kumi la laki sita ni elfu sitini, siku sita za chakula. Katekista atusaidie: zaka ya mkopo ni zaka ya nini?


Katekista wa Kata

Zaka ni ya mapato, na mkopo siyo mapato, ni deni. Anayetoa kwa hiari asizuiwe, lakini asishurutishwe mtu.


Bint Kondoa

Kwetu ndiyo wazi zaidi. Zakat inawajibika mali ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini, gramu 85 za dhahabu kwa kipimo cha wanazuoni wengi, na ikakaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Ndipo asilimia 2.5. Boom haimalizi hata miezi miwili.


Madesa

Asanteni. Sasa dogo, sikiliza hali ya chuoni, maana unadhani UDOM kwa kuwa ni ya serikali haina dini. Chuo kimeanza 2007, mwaka uleule na St John's, kiko kama kilomita nane kutoka mjini, na ndaki zake (vyuo vyake vya ndani) zimetawanyika vilimani. Ukishuka na begi wiki ya usajili, atakayekubebea hatakuwa mwajiriwa wa chuo. Ni vijana wa vikundi: TMCS wa Wakatoliki, USCF wa makanisa ya CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania), CASFETA wa Wapentekoste, TUCASA wa Wasabato, TAFES wasio wa dhehebu moja, na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Wanakuonyesha bweni, wapi pa kupigia nakala, wapi chakula cha bei ya boom. Wanafanya kwa moyo, siyo mtego. Lakini ndani ya siku tatu umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na ndani ya kundi hilo ndimo madesa (notisi za masomo) yanamopita, mitihani ya nyuma, na nani anatafuta mwenza wa chumba Ng'ong'ona.

Hapo wenye mashaka hukosea namna mbili. Wa kwanza anaingia na kujifanya mlokole kwa ajili ya madesa. Mwaka wa pili anapewa uongozi wa maombi, kutoka hawezi. Wa pili anajitenga na kila mtu, anakosa habari za jaribio lililohamishwa, anakamata sapu (mitihani ya marudio) mbili, kisha watu wanasema ameadhibiwa na Mungu. Hakuadhibiwa na mtu, hakuwa na kundi. Tafuta kundi lisilo la ibada kabla hujalihitaji: klabu ya mdahalo, wenzako wa somo lako la kufundishia, timu ya mpira. Watu wanne wanaosoma pamoja wanatosha.

Pia msipoteze muda kubishana dini ipi ina watu wengi chuoni. Sensa ya nchi hii haijauliza dini tangu 1967. Atakayekupa asilimia ameitoa kichwani.

Upande wa pili, chuo cha dini hakiko kama unavyokiogopa. Kinapokea wa dini zote, udahili unapita TCU kwa viwango vilevile. Na penye wanateolojia kuna watu wanaolipwa kusikiliza swali lako, ambao kwenye ndaki ya kawaida huwapati. Mwenye njaa kabisa ya mambo haya aangalie Mlimani, UDSM wana idara ya Falsafa na Taaluma za Dini chini ya chuo cha umma, huulizwi unaamini nini.


Mtumba Leo

Kusikilizwa ni sawa. Lakini chuo cha dini unasaini sheria zake kwanza. Mavazi, wageni hosteli, ibada. Ukishasaini, malalamiko yako ni dhidi ya sahihi yako.


Karani wa Dirishani

Ndiyo maana unaisoma kabla. Kabla ya kuthibitisha chuo chochote, binafsi au cha umma, pata karatasi mbili: sheria ndogo za wanafunzi, na orodha ya kozi za lazima za chuo pamoja na krediti zake (uzito wa kila kozi). Kama havipo kwenye tovuti, andika barua pepe kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uliza moja kwa moja kama kuhudhuria ibada ni lazima, na kama kuna kozi ya dini au maadili ya dini inayoingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako. Jibu la simu halina ushahidi. Hilo la barua pepe lihifadhi.

Kwa nini nasema krediti? Digrii ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Tuseme chuo kina kozi mbili za lazima za dini, krediti 9 kila moja, jumla 18. Kijana mwenye mashaka anazidharau, haingii darasani, anapata C, pointi 2, ambapo kwa kusoma tu angepata B+, pointi 4. Tofauti ya pointi 2 mara 18 ni 36. Gawa kwa 360, unapata 0.1. Inaonekana ndogo. Sasa daraja la pili la juu linaanzia 3.5, la chini linaishia 3.4. Aliyekuwa na 3.5 ametoka na 3.4, na kila tangazo la kazi au ufadhili wa shahada ya pili linalodai daraja la pili la juu limeshamfungia mlango. Siyo kwa kutoamini, ni kwa kutosoma. Mtihani wa kozi ya dini unauliza Agustino alisema nini. Hauulizi kama unakubaliana naye.

Kwa kijana huyu, HGL na ualimu, maoni yangu: linganisha vyuo kwanza kwa masomo mawili ya kufundishia utakayopangiwa, kisha pengo la ada, kisha zile karatasi mbili. Kama pengo ni dogo na sheria unaweza kuishi nazo, St John's iko Kikuyu, mjini palepale, nauli inapungua. Kama pengo ni la kumtegemea mzee miaka mitatu, nenda UDOM, na mashaka yako yaendeshe kwa utulivu bila bili juu yake.


Kijana wa Ntyuka

Nimesoma yote, asanteni sana. Nimeshaenda kubadilisha namba ya simu kwenye maombi. Ilikuwa ya mzee kweli.

Swali dogo. Fomu za usajili nilizoona kwa kaka mmoja zina sehemu ya dini. Mtu ambaye hajui aandike nini?


Katekista wa Kata

Usiandike uongo, wala usitangaze vita kwenye fomu.


Karani wa Dirishani

Sehemu hiyo haina pointi. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa mambo ya dini, pamoja na kuibadilisha. Ukiacha kistari, anayepokea fomu atakuuliza kama umesahau. Mwambie hujasahau, inatosha. Wengine huandika dini ya nyumbani, kwa sababu taarifa hiyo hutazamwa zaidi siku ya dharura, kujua aitwe nani na familia izungumzweje. Siyo kiapo. Chochote utakachoandika, kiwe kilekile kwenye fomu zote, maana fomu mbili zenye majibu tofauti ndizo zinazorudishwa.

Kinachowarudisha watu nyumbani wiki ya usajili ni fomu ya uchunguzi wa afya isiyo na muhuri wa hospitali, na vyeti halisi vilivyoachwa kijijini. Hospitali nenda wiki mbili kabla. Karibu na tarehe ya kuripoti foleni ya maabara inakuwa ya wanafunzi watupu. Na piga nakala tano za kila cheti hukuhuku mtaani, bei ya nakala karibu na lango la chuo wiki hiyo siyo ya kawaida.